Pesa ya Kuosha Ukumbi

Jumamosi, 14 Juni 2003

Mimi, Thabit bin Moosa, muuza nyuzi, zipu na vitambaa katika mtaa wa Asiatiki, Bujumbura, nikiwa na akili timamu na tumbo lililoshiba, natangaza kwa wote wanaohusika, na hata kwa wasiohusika, kwamba viti vya harusi ya binti yangu vitavishwa vitambaa vyeupe. Si rangi ya maziwa, wala si rangi ya yai. Vyeupe.

Uamuzi huu ulichukua muda kutoka magharibi hadi isha. Mke wangu Najla alitaka rangi ya maziwa kwa sababu vumbi la kiangazi halionekani sana juu yake. Binti yetu Marwa alitaka vyeupe kwa sababu ni vyeupe. Mimi nilikuwa upande wa jora la kitambaa lililolala dukani miaka mitatu bila mnunuzi, nalo ni jeupe, kwa hiyo nikaunga mkono vijana. Vita vya nchi hii vinakaribia mwaka wa kumi na sijasikia mkutano wa amani uliofika mwisho haraka hivyo.

Marwa anaolewa tarehe kumi na mbili Julai. Nitaandika mpaka siku hiyo, halafu nitaacha.

Jumapili, 15 Juni

Nimepanda Gihosha kulipia ukumbi. Mwenyewe anaitwa Ernestine, ametoka Bukavu zamani, lakini jina hilo liko kwenye vitambulisho tu. Watu wote wanamwita Mama Benite, kwa binti yake. Ukumbi ni mzuri: bati jipya, rangi ya kijani mpaka kiunoni, jukwaa lenye viti viwili vikubwa vya maharusi. Tatizo ni kwamba kila Jumamosi kuna harusi, na kila harusi bia inamwagika mpaka viatu vinanata sakafuni. Najla alinituma na sharti: siku tatu kabla yetu isiingie hata chupa moja, na sakafu ioshwe kwa sabuni mara mbili.

"Mara mbili?" Mama Benite akauliza. "Kwani Mungu bado anasikia arufu kiisha mara ya kwanza?"

"Mke wangu ndiye anasikia."

"Ah. Apo sawa. Mungu angesamehe." Akafikiri. "Pesa ya kuosha ni ingine. Elfu tatu."

"Mama Benite, elfu tatu ni sabuni ya kuosha Gihosha nzima."

"Basi tutakuosha na we."

Kodi ni laki moja na ishirini, nusu sasa, nusu siku yenyewe. Kabla ya kupokea pesa aliinua kidole. "Sikia muzuri, Mzee Thabit. Avansi apa airudi. Shida ikikuja, vita, kifo, bwana arusi akikimbia, tarehe ndiyo inahama. Pesa inabaki." Nikakubali. Katika mji huu watu wamehama, ofisi zimehama, mpaka soko la mbuzi limehama. Sikuona ubaya tarehe nayo ikihama.

Alizihesabu elfu sitini na tatu mara mbili, akazitia kifuani, akaniletea chai. Naandika nisije nikasahau: mwanamke huyu ni mwizi mwenye adabu.

Jumanne, 17 Juni

Vumbi. Nimeuza zipu.

Jumamosi, 21 Juni

Bwana harusi alikuja kula chakula cha mchana. Anaitwa Massoudi, fundi wa magari, anaishi Musaga na mama yake mjane, Bi Siti. Mimi nilitazamia mkwe mwenye duka, wa ukoo unaojulikana mpaka Muskati. Marwa alitazamia Massoudi. Tunajua nani kashinda.

Ni kijana wa maneno matatu kwa mlo mmoja. Kucha zake zina mafuta ambayo hata siku ya harusi hayatatoka. Lakini ameahidiwa kazi kwenye garaji kubwa ya Kigoma, wiki ya kwanza ya Septemba, na anataka kufika huko na mke. Najla anasema kijana mwenye kazi ni kijana mwenye kazi. Mimi nasema Kigoma si mbali, na nasema hivyo mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Baada ya kula aliinuka bila kuaga, akaenda uani, akafungua jenereta letu ambalo limekuwa likikohoa tangu mwaka jana. Akalifunga. Halikohoi tena. Hakutaka chochote. Nasubiri hesabu yake.

Alhamisi, 26 Juni

Najla na Marwa wanashona vitambaa vya viti na kuvijaribu kwenye viti vyetu vya nyumbani. Asubuhi nikitoka chumbani nakuta viti vimekaa duara, vyeupe, kimya, nahisi nimechelewa mkutano.

Jumatatu, 30 Juni

Mabomu mawili yalianguka upande wa kusini asubuhi. Mkate ulichelewa.

Jumatatu, 7 Julai

Milio ilianza kabla ya alfajiri, upande wa Musaga. Mwanzoni tulibaki vitandani, maana ukiamka kwa kila mlio katika mji huu hulali kabisa. Halafu vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka, tukahamia kwenye korido, ambayo haina dirisha. Huko tumeshinda siku nzima, migongo ukutani, miguu ikigusana. Najla alikuwa na msahafu. Mimi nilikuwa na redio, iliyosema serikali imeidhibiti hali, halafu ikapiga muziki. Marwa alikuwa na kitambaa cha kiti na sindano.

"Izo zinaenda ao zinakuja?" Najla akauliza.

Baada ya miaka kumi sote tumekuwa mabingwa wa jambo hilo, kila mmoja na jibu lake. Nikasikiliza.

"Zinaenda," nikasema.

"Mama yake Massoudi atasema zinakuja," Marwa akasema, bila kuinua uso.

Nikaizima redio.

Adhuhuri palitulia kidogo, nikashuka dukani kujaribu simu. Imekufa. Nikaipiga kofi, nikaikunja waya, nikaipuliza. Nimesimama pale na mkono wa simu sikioni kitambo, nikisikiliza kitu ambacho hakikuwepo, kwa sababu sikujua nitamwambia nini Marwa nikirudi juu. Niliporudi nilimwambia simu imekufa. Akasema, "Mi najua, baba. Niliijaribu asubuhi." Akakata uzi kwa meno.

Nilimtazama mwanangu mchana kutwa. Niliwahi kudhani anampenda yule kijana kwa ukaidi, ili kunishinda kama alivyonishinda kwenye mambo mengine. Leo alishona pindo lile lile, akalifumua, akalishona tena. Ukaidi haufanyi hivyo.

Jumanne, 8 Julai

Vile vile. Hakuna mkate.

Jumatano, 9 Julai

Watu wa Musaga wanapita mjini. Tangu asubuhi barabara yetu imejaa magodoro yanayotembea, miguu ikionekana chini yake. Mwanaume mmoja alipita amebeba mlango kichwani, mlango mzima, na kitasa chake. Nilimuuliza nyumba iko wapi. Akasema, "Nyumba siwezi kubeba, Mzee."

Marwa alisimama kizingitini akiuliza kila anayepita: "Mumemuona Massoudi, fundi wa garaji?" Wengine walitikisa kichwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwambia, "Mwanangu, mi nilikuwa naangalia miguu yangu tu."

Jioni nilimwambia aingie ndani. Hakuingia.

Ijumaa, 11 Julai

Milio imepungua. Hakuna habari.

Kesho ingekuwa harusi. Wakati wa chakula nilisema, kwa sauti ambayo nilidhani ni ya kawaida, kwamba asubuhi nitapanda Gihosha kudai zile elfu sitini.

Najla akaweka kijiko chini. "Baba Marwa. Mutoto ajui kama bwana wake ni muzima, na we unafikiria avansi."

"Harusi haipo. Ukumbi haukutumika. Mtu anadai haki yake."

"Alikuambia airudi."

"Alisema tarehe inahama. Inahamia wapi? Kwa bwana harusi gani?"

Hapo ndipo nilipoona Marwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Aliliweka mezani taratibu, akagawa chai, akaanza na mimi.

Nitakwenda. Kumtafuta kijana katika mji wenye watu wengi hivi barabarani, sijui mtu anaanzia wapi. Kudai pesa najua.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika taratibu, maana leo nataka mambo yakae kwa mpangilio wake.

Nilifika Gihosha saa nne. Kabla ya kona nikasikia harufu ya maharage, mengi, ya sufuria za harusi. Nikawaza: mwizi yule amekodisha siku yangu kwa watu wengine. Nikaongeza mwendo, na hasira ikanipanda vizuri, nikajipangia na maneno.

Geti lilikuwa wazi. Uani palikuwa na mafiga, moto, nguo zimeanikwa juu ya ua wa maua. Ndani, mikeka na magodoro kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake watu. Yule mwenye mlango alikuwepo, ameuegemeza ukutani kando ya godoro lake, kama mtu anayetaka kugongewa. Jukwaani, kwenye kile kiti kikubwa cha bibi harusi, alikaa Bi Siti, mama yake Massoudi, miguu imevimba na imewekwa juu ya kreti ya Fanta.

"Karibu, mukwe," akaniambia. "Samahani siwezi kusimama."

Massoudi nilimkuta nyuma ya jengo, amelala chali chini ya tangi la maji na bisibisi mdomoni. Aliponiona akatoka, akajifuta mikono, akasahau kunipa mkono.

"Baba. Mama akutaka nimuache, nilipiga simu ya duka kila siku."

"Imekufa."

"Mi nilijua. Niliendelea tu kupiga." Hayo tayari yalikuwa maneno mengi kwake. "Marwa yuko muzima?"

"Yuko mzima. Wewe je?"

"Garaji yetu imeungua," akasema. "Na Idi."

"Idi ni nani?"

"Fundi mwenzangu. Alikuwa atakuwa shahidi yangu leo."

Akarudi chini ya tangi. Nikakaa pale juu ya tofali mpaka maji yakatoka.

Jinsi walivyofika nilielezwa na Mama Benite mwenyewe, akikoroga sufuria, kitambaa kichwani, jasho mpaka kidevuni. Jumatano watu wa mtaa wao walikwenda kwenye shule, shule imejaa. Wakaenda kanisani, kumejaa. Ndipo Massoudi akasema: sisi tuko na ukumbi Gihosha, umelipiwa. Majirani waliposikia neno umelipiwa wakamfuata, na wengine njiani wakaona watu wanafuatana wakafuata na wao.

"Alikuja kwa geti na watu karibu mia," Mama Benite akasema. "Ananiambia, mi ndo bwana arusi wa Siku ya Posho, iyi Jumamosi. Nikamuuliza, na awa? Akasema, wageni."

"Na ukafungua."

"Sasa ningefanya nini? Jina yake niko nayo."

Nikakumbuka kilichonileta. "Mama Benite, nimekuja kwa ajili ya avansi yangu."

"Karibu. Kaa."

Nikatafuta kiti. Ukumbi mzima haukuwa na kiti isipokuwa viwili vya jukwaani. "Viti viko wapi?"

"Nimekodisha. Viko kwenye vilio. Wiki hii vilio ni vingi, Mzee, viti avitoshi."

Nikasimama basi. "Harusi haikufanyika. Kwa hiyo pesa irudi."

"Nani alisema aikufanyika?" Akachomoa mwiko, akauelekeza huku na huku. "Bwana arusi uyu apa. Mama yake uyu, amekaa mpaka mu kiti ya bibi arusi. Wageni wako, na awaendi. Unaniomba nirudishe pesa ya arusi yenye imeanza tangu Jumatano? Ni bibi arusi tu anakosa, na uyo yuko kwako."

"Nilikodi mchana mmoja, Mama Benite. Hawa wamelala siku tatu."

Nilipomaliza kusema nikaona kosa langu. Yeye pia aliliona, akatabasamu ndani ya moshi. "Umesema mwenyewe. Mi sijasema."

"Na pesa ya kuosha?" nikasema. "Hiyo ilikuwa ya kuosha. Hukuosha."

Akarudisha mwiko sufuriani. Nilikuwa nimempata.

"Iyo," akasema, "tutaona."

Jumapili, 13 Julai

Jana sikuandika jinsi Marwa alivyopokea. Nilimwambia: yuko hai, yuko kwenye ukumbi wetu, anatengeneza tangi. Alicheka, halafu akaenda jikoni, akakaa humo muda mrefu, na Najla akanizuia nisiingie.

Leo asubuhi kaniuliza vitambaa vya viti viko wapi, kana kwamba si yeye aliyevikunja. Amevifunga vyote katika mashuka mawili. Kesho anavipeleka Gihosha. Nilimkumbusha kwamba huko hakuna viti. Akasema anajua.

Jumamosi, 19 Julai

Vita vya Musaga vimekwisha, wanasema. Nimepanda Gihosha kudai pesa. Nimepewa chai.

Kuna mtoto aliyezaliwa humo ukumbini juzi. Amevishwa kitambaa cha kiti. Kimemkaa vizuri. Mshono ni wa Najla, niliutambua.

Jumamosi, 26 Julai

Nimepanda. Nimedai. Chai.

Nguo za watu wale zimechanika, hainihusu, lakini duka la nyuzi ni langu, nikachukua vidonge vichache vya uzi na sindano. Nilimwambia Mama Benite tutavihesabu pamoja na ile avansi. Akasema sawa, tutahesabu, avansi yako sasa imefika elfu sitini na uzi.

Jumamosi, 2 Agosti

Harusi ilikuwa imehamia leo. Imehama tena. Wengi wamerudi Musaga, lakini waliobaki ndio wasio na paa. Nyumba ya Bi Siti imebaki kuta na jiko. Massoudi anashuka kila asubuhi kuezeka, anarudi jioni kutengeneza kitu kingine cha Mama Benite. Bomba, kufuli, kengele ya geti. Hajamdai kitu. Mimi najua sasa kwamba hesabu ya jenereta langu haitakuja, na badala ya kufurahi nimekosa raha kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kuipunguza.

Jumanne, 5 Agosti

Vumbi limeingia mpaka kwenye boksi za vifungo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilipanda na hoja mpya. Nilisikia mjini kwamba kuna mtu mwingine, harusi yake ingekuwa humo humo ukumbini Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Julai, ikavunjika kwa vita, naye amerudishiwa pesa zote. Nikataka kujua kwa nini avansi yake inajua njia ya kurudi na yangu haijui.

Mama Benite alikuwa sokoni. Bi Siti akaniita jukwaani.

"Mukwe, usimuulize iyo," akasema. "Nitakuambia mi. Yule ni mukubwa. Alikuja na maaskari wawili, akasimama pale kwenye mlango, akuingia. Akasema laki yangu. Mama Benite akamuonyesha sisi. Yule akasema, nimeona, laki yangu. Sasa we ungefanya nini?"

"Akampa?"

"Akatoa yote. Ya kwake, na ya kwako, na ya wale wa Agosti. Akiisha akaenda chikoni, akapika. Akusema kitu."

Mama Benite aliporudi na kapu la dagaa kichwani alinikuta nimekaa ngazini. Akashusha kapu, akajiandaa, mikono kiunoni.

"Anza," akasema.

"Leo sikuja kudai," nikasema. "Nimekuja kunywa chai."

Akanitazama sana, kama mtu aliyepewa noti akishuku ni bandia. "Unaumwa?"

Njiani nikirudi nilifikiri. Miezi miwili nimemwita mwizi humu daftarini. Sifuti, karatasi itachafuka. Lakini mwizi halisi alikuja na maaskari, na wala hakuingia ndani.

Ijumaa, 15 Agosti

Nyumbani pamechafuka. Massoudi anatakiwa Kigoma wiki ya kwanza ya Septemba, asipofika kazi inapewa mwingine. Ukumbi mwingine hatuna pesa ya kuukodi. Biashara ya Julai ilikuwa korido. Najla anasema waoane mwakani, kwa heshima, na ukumbi, na viti. Amekwisha kuwaambia wageni mpaka Kigoma, mpaka Dar es Salaam, na dada zake wanauliza. Mimi nikasema mwakani si mbali. Nikajisikia nikisema, kama nilivyosema kuhusu Kigoma.

Marwa alikuwa anasikiliza. Akasema polepole, "Bwana arusi yuko kule. Mama mukwe yuko kule. Ata wageni wako. Mi ndo nakosa."

Najla akageuka kwangu. "Nani alimufundisha kusema vile?"

Nikasema sijui. Nilikuwa nimeirudia kauli ile ya Mama Benite hapa nyumbani mara nyingi, kama kichekesho.

"Mu ukumbi ya wakimbizi," Najla akasema. "Binti yangu mumoja."

"Mama," Marwa akasema, "vitambaa vyenye tulishona viko kule kule."

Najla alitoa vyombo, akaswali isha. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, kwamba sakafu lazima ioshwe mara mbili.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimempelekea Mama Benite habari: harusi ni Jumamosi ijayo, humo humo. Alisema tu, "Sasa tarehe imechoka kuhama." Kisha akauliza kama tunapenda pilau liwe na viazi.

Jumamosi, 30 Agosti

Binti yangu ameolewa.

Shehe wa Buyenzi alifika na viatu vyake mkononi, akasimama mlangoni, akanusa. Ana sifa ya kujua kumbi za mji huu zinatumika kwa nini. Akauliza kama mahali ni safi. Bi Siti akamjibu kutoka jukwaani: "Shehe, apa panaoshwa kila asubuhi tangu Julai. Tuko na watoto wadogo. Ingia."

Akaingia.

Wanawake wa ukumbini walikuwa wamevifumua vitambaa vya viti na kuviunga kimoja kwa kingine, pazia refu kutoka ukuta hadi ukuta, lililotenga familia na familia wakati wa kulala. Leo lilitenga wanaume na wanawake. Najla alilishika pindo lake, akalitazama kwa muda, akapitisha kidole kwenye mshono ambao si wake. Nilisubiri aseme kitu juu ya mshono. Alisema, "Wameshona muzuri," akaenda upande wake. Baada ya hapo sikumwona tena, lakini nilimsikia, na vigelegele vya watu wa Musaga, Waislamu na wasio Waislamu pamoja. Mama Benite alikuwa na sauti kuliko wote na hakujua mahali pa kuacha.

Shahidi wa kwanza alikuwa ndugu yangu. Wa pili angekuwa Idi. Shehe aliposema, "Shahidi wa bwana harusi," Massoudi alifungua mdomo, akaufunga. Ndipo akainuka yule mwenye mlango. Anaitwa Radjabu, ni Mwislamu wa Musaga, na wiki zote hizi sikuwa nimemuuliza jina. Akasema, "Mi namujua tangu mudogo," akakaa kando yake.

Nikampa Massoudi mkono kwa ajili ya ndoa. Mkono wake ulikuwa umesuguliwa mpaka umekuwa mwekundu, na mafuta bado yamo kwenye kucha. Nilitamka maneno yangu, yeye akatamka yake. Sauti yake haikutetemeka. Yangu sitaiandika.

Tulikula chini, juu ya mikeka, pilau lenye viazi. Viti vilikuwa kwenye vilio, hakuna aliyekaa juu ya kiti isipokuwa Bi Siti na Marwa. Ndoa yenyewe ilikuwa fupi kuliko mazungumzo ya rangi ya vitambaa.

Jumatatu, 1 Septemba

Wameondoka na meli ya mizigo asubuhi. Bandarini Massoudi aliniambia nizime jenereta kabla ya kuongeza mafuta. Nikamwambia nitafanya hivyo. Nilibaki pale nikimtazama Marwa mpaka sikuweza tena kumtofautisha na magunia.

Nilisema nitaacha kuandika siku ya harusi. Naona naendelea.

Alhamisi, 4 Septemba

Mvua ya kwanza, matone machache, yamelaza vumbi nusu. Simu ya dukani imefufuka, na sauti ya kwanza iliyoingia ni ya Marwa kutoka Kigoma. Wamefika, garaji ni kubwa, dagaa ni wale wale.

Nikapanda Gihosha. Bi Siti amerudi kwake jana, chini ya mabati aliyoyaezeka mwanawe. Ukumbi ulikuwa mtupu, umefagiliwa. Mlango wa Radjabu haupo ukutani, umebaki mstari wa vumbi pale ulipoegemea. Mama Benite alikuwa anapanga viti vilivyorudi.

"Mama Benite," nikasema, "pesa ya kuosha. Waliosha wenyewe."

"Kweli," akasema. Akatia mkono kifuani, akahesabu elfu tatu mara mbili, akanipa. Hakutaja nusu ya kodi ambayo nilitakiwa kuilipa siku ya harusi. Mimi pia sikuitaja. Tukanywa chai, kila mmoja juu ya kiti.

Teksi, kwenda na kurudi: elfu tatu na mia tano.